Taarifa Moja, Lugha Tatu: Kokasi za Wabunge, Kabila na Redio Nchini Kenya

Wabunge kumi na watano hivi wamejipanga mistari miwili katika ukumbi wa wanahabari pale majengo ya Bunge, Nairobi. Aliye katikati ameshika karatasi, anaisoma kwa Kiingereza. Mna maneno ya heshima: maendeleo yenye usawa, umoja wa nchi, viongozi waliochaguliwa kusikilizwa. Akimaliza, mwandishi mmoja anamwomba arudie kwa Kiswahili. Anarudia kwa ufupi, na ukali umepanda kidogo. Kisha kipaza sauti chenye nembo ya kituo cha lugha ya mama kinasogezwa karibu: “Mheshimiwa, tupe na ya nyumbani.” Hapo mabega yanalegea, uso unachangamka, na yanayotoka mdomoni hayamo kwenye karatasi. Sasa ni watu wetu, ni jasho letu, ni wale wanaotaka kutumaliza. Magazeti yatanukuu kauli ya kwanza, taarifa ya habari ya saa moja itacheza ya pili. Ya tatu itasikika kesho alfajiri jikoni, zizini na ndani ya matatu.

Nimezitazama taarifa za namna hii kwa miaka mingi, na naamini kauli hiyo ya tatu ndiyo ufunguo wa jambo linalotutatiza kila uchaguzi unapokaribia. Huwa tunaulizana kwa nini Mkenya anapiga kura kwa kabila, kana kwamba ni tabia aliyozaliwa nayo. Kuna mitambo inayoizalisha tabia hiyo, ina wenyewe, na ina historia. Tuifungue.

Kundi lisilosajiliwa

Kokasi ni kundi la wabunge waliokubaliana kusema kwa sauti moja. Haisajiliwi popote, haina katiba, na hakuna mkaguzi anayeuliza ukumbi wa hoteli walikokutana umelipiwa na nani. Iko kokasi ya chama, yaani mkutano wa wabunge wote wa chama kimoja. Iko ya maslahi, kama KEWOPA, umoja wa wabunge wanawake ulioanza mwaka 2001, au kundi la wabunge wa jamii za wafugaji. Na iko ya eneo: Mlima Kenya, Pwani, Ukambani, Magharibi, Nyanza, Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Kwa jina ni eneo tu. Lakini mipaka yetu mingi ilichorwa na mkoloni kwa kufuata makabila, kwa hiyo ukisema “viongozi wa Ukambani” hakuna anayehitaji kuuliza ni akina nani.

Sasa tazama sheria inavyosema. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinakataza chama cha siasa kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Chama lazima kiwe na sura ya kitaifa, na sheria ya vyama inakidai wanachama katika zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47. Ukimpelekea Msajili wa Vyama chama cha kabila moja atakurudisha nyumbani na makaratasi yako. Ila mbunge wa chama chenye jina la kitaifa akishatoka kikaoni anaweza kuvaa kofia ya pili, ya kokasi ya eneo lake, na kofia hiyo haina kifungu kinachoibana. Kile tulichokifungia mlango wa mbele kiliingia kwa dirisha, tena kimekaribishwa kwa chai.

Kwa nini wabunge wanaihitaji kofia hiyo? Jibu liko kwenye hesabu. Kifungu cha 138 kinataka rais ashinde zaidi ya nusu ya kura zote, na tena apate angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Wakikuyu, jamii kubwa kuliko zote, walikuwa kama milioni 8.1, Waluhya milioni 6.8, Wakalenjin milioni 6.4, Waluo milioni 5 na kidogo, Wakamba milioni 4.7. Hakuna anayefika hata robo. Mgombea urais analazimika kutafuta wenzake, na waandishi wa Katiba walitumaini kwamba hapo atahubiri sera zinazovuka makabila. Kilichotokea ni kwamba kutafuta wenzake kumekuwa kununua jumla. Badala ya kumbembeleza mpiga kura mmoja mmoja wa Vihiga au Makueni, unazungumza na anayesema anazo kura zote za Vihiga au Makueni.

Ndiyo maana ya ule wimbo tunaousikia kila msimu: tuweke kura zetu kwenye kapu moja, tusije tukaachwa nje serikali ikigawana keki ya taifa. Anayebeba kapu ni dalali. Ili dalali auze, sharti aonyeshe kwamba mali anayo. Mkutano wa wabunge thelathini wakiwa wamesimama nyuma yake ndio stakabadhi, na mlio wa simu za wasikilizaji redioni kesho yake asubuhi ndio muhuri.

Aliyekuwa Naibu Rais, Rigathi Gachagua, aliyasema haya waziwazi kuliko wengi alipoilinganisha serikali na kampuni yenye wenye hisa: aliyepiga kura nyingi ale zaidi. Kauli hizo zilikuwa miongoni mwa mashtaka yaliyomwondoa madarakani Oktoba 2024, pale wabunge 281 walipopiga kura ya kumng'oa na Seneti ikakamilisha kazi siku tisa baadaye. Alichosema kilikuwa kibaya. Lakini wengi waliomhukumu waliingia serikalini kwa mlango huohuo wa hisa, wala hawakuwa wameubomoa walipokuwa wakimtoa.

Mizizi

Haya hayakuanza na Katiba mpya. Mwaka 1955, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kuunda vyama, lakini vya wilaya pekee. Chama cha nchi nzima kilikatazwa. Mwanasiasa wa wakati huo alijifunza kazi akizungumza na watu wa wilaya yake kwa lugha ya wilaya yake, na zuio lilipoondolewa mwaka 1960 vyama vya wilaya viliungana tu vikawa KANU na KADU. KADU, iliyoongozwa na Ronald Ngala wa Pwani, ilikuwa muungano wa jamii zilizoogopa kumezwa na zilizo kubwa. Novemba 1964 ikajivunja na kuingia KANU, nchi ikabaki na chama kimoja bungeni, na mashindano yakahamia kwenye vyama vya ustawi wa jamii: GEMA ya Wagikuyu, Waembu na Wameru iliyoundwa 1971, Luo Union, Abaluhya. Vilichangisha karo na kusafirisha maiti, na vilifanya siasa. Mwaka 1976 vigogo wa GEMA waliongoza jaribio la kubadilisha Katiba ili Makamu wa Rais Daniel arap Moi asirithi kiti.

Moi alirithi. Mwaka 1980 akaagiza vyama vya kikabila vivunjwe, na hata soka ikaguswa: Abaluhya FC ikawa AFC Leopards. Majina yalifutwa, watu wakabaki walewale na simu zao. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwishoni mwa 1991 makundi yakaibuka upya, mengine, kama KAMATUSA ya Wakalenjin, Wamaasai, Waturkana na Wasamburu, yakiwa upande wa Moi mwenyewe.

Mtu anayesemwa hayumo chumbani

Redio ndiyo sehemu ninayotaka kukaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo tunayoielewa vibaya.

Kwa miongo mingi hewa ilikuwa ya serikali. Lugha za mama zilikuwa na saa zao chache kwenye idhaa ya taifa, basi. Karibu na mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu, kituo cha kwanza cha kibinafsi cha lugha ya mama, na Rais Moi hakuficha kutopendezwa kwake. Alisema vituo vya aina hiyo vitaugawa umma. Lakini watu walivipenda. Bibi aliyesikiliza taarifa kwa Kiingereza asichokijua kwa miaka thelathini sasa alisikia bei ya maziwa, tangazo la msiba na mjadala wa bunge kwa lugha aliyoota nayo ndoto. Hilo ni jambo jema, na nalisema kwa moyo wote, kwa sababu kuna watu wanaotaka vituo hivi vifungwe kila kukitokea fujo.

Kisha biashara ikaja. Kampuni ya Royal Media ya S.K. Macharia ilifungua Inooro kwa Kikuyu, Ramogi kwa Dholuo, Mulembe kwa Kiluhya, Musyi kwa Kikamba, Chamgei kwa Kikalenjin, Egesa kwa Kigusii, na Bahari kwa watu wa Pwani. Kameme ikanunuliwa na Mediamax, kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta. Familia ya Moi nayo ikahusishwa na Standard, yenye KTN na Radio Maisha. Macharia mwenyewe hakujificha nyuma ya dawati la mhariri: mwishoni mwa 2016 aliiambia kamati ya Seneti kwamba mgombea wa upinzani, Raila Odinga, ndiye aliyeshinda uchaguzi wa 2007.

Hapa ndipo Kenya inapoachana na Marekani, ambako mazungumzo kuhusu vyombo vya habari vyenye upande hutolewa mifano. Mfuasi wa chama cha Democratic akitaka kukasirika anafungua Fox News, runinga ya upande wa Republican, anasikia anavyosemwa, anajibu. Wanagombana, lakini wote wamo kwenye lugha moja. Huku kwetu kampuni moja inaweza kuwa na vituo kumi, kila kimoja kikimbembeleza msikilizaji wake, na jirani asijue anasemwaje ng'ambo ya ukuta. Mjaluo wa Kisumu hawezi kukanusha kilichosemwa kwa Kikuyu asubuhi, wala Mkikuyu wa Nyeri kilichosemwa kwa Dholuo. Anayetukanwa hayumo chumbani. Na mwanasiasa akiulizwa baadaye, anatoa ile karatasi ya Kiingereza: mimi nilisema hivi, tafsiri ni yenu.

Wiki ya marudio ya uchaguzi wa urais, Oktoba 2017, nilikuwa kwa kinyozi mtaani Nakuru. Redio yake ilikuwa na vitufe vya kuhifadhi vituo. Alikuwa akisikiliza kituo cha Kikalenjin, kwa sauti ya chini. Akaingia mteja aliyemsalimu kwa Kikuyu. Mkono wa kinyozi ukaenda kwenye redio kabla hata ya kiti, ikawa Kikuyu. Dakika ishirini baadaye waliingia watatu wasiojuana, akabonyeza cha tatu: mpira, kwa Kiswahili. Hakusema neno. Alikuwa ameishi Nakuru mwaka 2008 na alijua bei ya kituo kisichofaa.

Yaliyotokea wakati huo hayajasahaulika. Dalili zilikuwapo tangu kura ya maoni ya Novemba 2005, wakati Kass FM ya Kikalenjin ilipozimwa kwa muda ikidaiwa kuchochea. Desemba 30, 2007, Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na jioni hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilipokea ushahidi mwingi kuhusu redio za lugha za mama, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, akajikuta The Hague, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akishtakiwa pamoja na mwanasiasa William Ruto. Aprili 5, 2016 majaji walio wengi waliisitisha kesi kwa kukosa ushahidi wa kutosha, bila kuwatia hatiani na bila hukumu ya kuwaachilia kama watu wasio na hatia. Nikumbushe pia kwamba wapo watangazaji wa lugha za mama waliokesha studioni wakiwasihi wasikilizaji wao waweke mapanga chini. Majina yao hayakufika The Hague wala kwenye vitabu.

Ugumu wa kesi za namna hiyo uko kwenye maneno yenyewe. Chukua neno madoadoa. Kwenye kamusi halina kosa. Chui ana madoadoa, kanga ana madoadoa. Bonde la Ufa neno hilo lilikuja kumaanisha jirani wa kabila jingine ambaye “anachafua” rangi ya shamba, na “kuondoa madoadoa” kila mtu akaelewa ni nini. Januari 2022 seneta mmoja alilitumia jukwaani mjini Eldoret, akakamatwa. Utetezi wake ulikuwa kwamba alimaanisha watu wachague wagombea wa chama kimoja. Miezi michache baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno yasiyofaa kampeni: madoadoa limo, kwekwe limo, mende limo, wabara na wakuja yamo pia. Orodha ni jambo la kusaidia, lakini sitiari haina mwisho; ukifunga mende, kesho ni nzige. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu matamshi ya chuki inatoa faini hadi shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitatu, ila walioshtakiwa ni wengi na waliofungwa wanahesabika kwa vidole. Mwendesha mashtaka lazima amthibitishie hakimu maana ambayo msikilizaji aliipata kwa sekunde moja.

Mwenye redio si mwenye msikilizaji

Ukiishia hapo utadhani wanasiasa wakimiliki kituo wamemiliki na watu. Mwaka 2022 ulitoa somo jingine.

Baada ya Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga kupeana mikono Machi 9, 2018, wabunge wa Mlima Kenya waligawanyika. Uhuru alimtania naibu wake, Ruto, kwamba anatangatanga kila pembe ya nchi, na waliomfuata Ruto wakalichukua neno hilo kwa fahari wakawa Tangatanga. Waliobaki na Uhuru wakawa Kieleweke. Hata wabunge wanawake waligawanyika: Embrace upande mmoja, Inua Mama upande wa pili. Hapo unaona jambo muhimu kuhusu kokasi: utambulisho wanaodai kuutetea, uwe wa kabila au wa jinsia, hupasuka mara moja mistari ya urais inapopita katikati yake.

Februari 23, 2022, Uhuru alikusanya wajumbe wa Mlima kwenye Ikulu ndogo ya Sagana akawaeleza, kwa Kikuyu, kwa nini wamuunge Raila mkono. Ilirushwa moja kwa moja. Alikuwa rais, alikuwa mtoto wa nyumbani, na familia yake ilihusishwa na kituo kikubwa cha lugha hiyo. Agosti Mlima ukampa Ruto kura kwa wingi mkubwa, na akashinda kwa asilimia 50.49. Wasikilizaji waliendelea kusikiliza muziki na matangazo ya misiba, wakapuuza ushauri. Nadhani bei ya unga na mbolea ilisema kwa sauti kubwa kuliko studio. Na bado mwaka 2025 Ruto naye aliketi Sagana, jengo lilelile, na watangazaji wa vituo vya lugha za Mlima, kujieleza kwa watu waliokuwa wamemgeuka. Hakuna rais anayethubutu kuikwepa kauli ya tatu.

Kuna nguvu nyingine ambayo haihitaji umiliki: matangazo ya serikali. Kituo kidogo cha kaunti hakiishi kwa sabuni na mbegu za mahindi pekee. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake yote ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali. Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo hilo. Mhariri anayengoja malipo ya serikali ya miezi mingi hahitaji kupigiwa simu ili ajue ni habari gani ya kupunguza makali.

Kokasi iliyofanya kazi yake

Sitaki msomaji aondoke na wazo kwamba wabunge wa eneo wakikutana lazima iwe njama. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwenye fomula ya kugawa shilingi bilioni 316.5 kwa kaunti. Upande mmoja ulisema mtu mmoja, kura moja, shilingi moja: fedha zifuate idadi ya watu. Kaunti za kaskazini na za Pwani zingepoteza mabilioni, kwa sababu zina ardhi kubwa, watu wachache, na miaka sitini ya barabara ambazo hazikujengwa. Maseneta wao waliungana, wakakataa kikao baada ya kikao, mpaka Septemba walipopata makubaliano kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa na mgao utaongezwa hadi bilioni 370. Mwislamu wa Wajir, Mpokomo wa Tana River na Mmaasai wa Narok walisimama pamoja kwa kukokotoa hesabu, hadharani, kwa lugha ambayo kila Mkenya aliifuata kwenye televisheni. Na KEWOPA, kwa migawanyiko yake yote, imeliweka hai dai la theluthi mbili ya jinsia, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, ambalo Bunge limelikimbia kiasi kwamba Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais, Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa, na dai limebaki.

Kilichotofautisha makundi hayo na yale ya karatasi moja na kauli tatu ni kwamba waliokuwa wakipingwa walikuwa ukumbini, wakisikia kila neno.

Juni 2024 nililiona jambo hilo kwa njia ambayo sikuitegemea. Vijana waliojiita wasio na kabila, wasio na kiongozi na wasio na chama walikuwa wakipinga Mswada wa Fedha. Walijua wazazi wao vijijini hawasomi Kiingereza cha mswada, na hawakungoja kokasi yoyote iwatafsirie. Walikaa mbele ya simu zao na kuueleza kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, kila mmoja kwa lugha ya kwao: kodi ya gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, mafuta ya kupikia, ada ya mazingira. Nilitazama video kadhaa mfululizo, mojawapo kwa Kikuyu, nyingine kwa Dholuo, nyingine kwa Kikamba. Lugha mbili sizijui vizuri, lakini tarakimu nilizifuata bila shida. Kodi ya mkate ilikuwa asilimia 16 katika zote.